Milango Mitatu, Ufunguo Mmoja

Hakuna tusi linalouma kama lile linalotolewa kwa upole, tena kwa picha za rangi. Mshauri wa takwimu alisimama mbele ya ukuta wa chumba cha kikao, suti imemkaa kana kwamba imepigwa pasi yeye akiwa ndani, kitaa chake chekundu cha kuonyeshea kikirukaruka ukutani kama mbu aliyeshiba, akasema kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto:

"Kwa hiyo, ndugu wajumbe, chumba cha mazoezi hakina faida. Sifuri nukta tisa nane. Tena mkiangalia vizuri, kinawarudisha watu nyuma kwa asilimia mbili."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Nusu yao hawakujua hiyo sifuri nukta tisa nane ni ya nini, ila ilikuwa imeandikwa kwa herufi nene, na kitu kikiandikwa kwa herufi nene kikaoni, watu hukiheshimu kama mkwe.

Kwenye kiti cha nyuma kabisa, karibu na birika la chai, dada mmoja alikuwa ameuma kifuniko cha kalamu mpaka kimebonyea. Huyo ndiye aliyekuwa ofisa takwimu wa hospitali. Wenzake walimwita Desimali, kwa sababu huwezi kusema "karibu nusu" mbele yake akakuacha upite salama. Lazima akuulize, karibu kwa kiasi gani? Takwimu zilizokuwa zinang'aa pale ukutani alizikusanya yeye, wodi kwa wodi, kitanda kwa kitanda. Halafu wakubwa wakaona si heshima kazi nzito namna hiyo isomwe na mtu wa ndani, anayepanga foleni ya chai kama wengine, wakaleta mtu wa nje. Mtu wa nje alipachikwa jina siku ileile aliyofika: Slaidi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Hospitali ilikuwa na chumba kimoja cha mazoezi kwa watu waliopata kiharusi. Chumba kidogo, wagonjwa wengi, kwa hiyo waliopelekwa huko walipatikana kwa kura, na waliobaki walifanyishwa mazoezi wodini. Matibabu yakiisha, kila mgonjwa anawekwa kwenye daraja moja kati ya manne: wa chini kabisa hatoki kitandani, anayefuata anakaa mwenyewe, wa tatu anatembea kwa kushikwa, wa juu anatembea mwenyewe. Swali lilikuwa moja tu. Je, chumba kinawapandisha watu madaraja?

Slaidi alisema hakiwapandishi. Na Mkurugenzi, aliyekaa kichwani mwa meza, aliipokea habari hiyo mbaya kwa uso wa mtu aliyepata habari njema. Kile chumba kina madirisha mapana na upepo mzuri, na yeye alikuwa amekitamani siku nyingi kiwe ukumbi wa mikutano. Maana wagonjwa wanaweza kujifunza kutembea popote, ila wakubwa hawawezi kukaa popote.

"Naomba kuuliza," Desimali akasema.

"Uliza, lakini kwa kifupi," akasema Mkurugenzi.

"Hiyo tisa nane ni uwiano, si idadi ya watu. Ikikaa jirani na moja maana yake hesabu haijaona tofauti. Haijaona faida, haijaona hasara. Sasa hiyo asilimia mbili ya kurudi nyuma umeiokota wapi?"

Slaidi akatabasamu. "Mdogo wangu, tusiwachoshe wajumbe na mambo ya darasani."

"Basi tuwachoshe na mambo ya kazini. Madaraja manne yana milango mitatu katikati. Wewe umeipa yote namba moja. Ulipima kwanza kama inakubali namba moja?"

"Kompyuta ilikubali."

"Kompyuta hata ukiipa saizi za viatu inakubali!"

Mtu mmoja akacheka, akageuza kicheko kikawa kikohozi. Mkurugenzi akagonga meza kwa pete yake.

"Binti, bodi inakaa kesho asubuhi. Kama una hoja, lete hoja. Kama una hasira, iache hapohapo kwenye birika. Bila hoja, Kamanda anakabidhi funguo kesho hiyohiyo."

Hapo ndipo palipomkaba Desimali. Kamanda, msimamizi wa chumba cha mazoezi, mtu anayewafundisha watu wazima wenzake kuweka mguu chini, alikuwa mama yake mdogo, tumbo moja na mama yake. Angepiga kelele, wangesema anamtetea ndugu yake. Angenyamaza, chumba kingeondoka kwa namba aliyoikusanya kwa mikono yake mwenyewe. Alitoka kikaoni miguu ikigonga sakafu kama anaidai maelezo.

*

Chumba cha mazoezi kilikuwa mwisho wa korido, na sauti ya Kamanda ilikuwa inafika kabla ya mlango. Ni mwanamke mfupi, mpana, mwenye mikono inayoweza kumwinua mtu mzima bila kumuumiza na mdomo usio na breki. Katikati ya vyuma viwili vya kushikia alikuwepo bwana mmoja anatokwa na jasho.

"Mguu huo ni wako, hujauazima kwa jirani! Uweke chini kwa heshima! Haya. Tena. Unaniangalia mimi ya nini, mimi ndiye sakafu?"

Alipomwona Desimali akamkalisha yule bwana kwenye benchi, akamfunika mabega kwa taulo, akaja anajifuta mikono.

"Mwanangu, uso gani huo? Nani kakuudhi?"

"Mama mdogo, wanafunga chumba."

"Chumba kipi?"

"Hiki. Hesabu imesema hakina faida. Yaani, Slaidi kasema hesabu imesema."

Kamanda akageuka kukitazama chumba chake kama mtu anayehakiki kama kweli kipo: kioo kirefu, mikeka, mipira mikubwa, vile vyuma vilivyolainishwa na viganja vya watu. "Hesabu ilikuja humu lini? Mbona mimi sijaiona? Ilikaa benchi gani?"

"Mama mdogo, sikiliza kwanza."

"Nasikiliza. Nimekasirika, lakini nasikiliza."

Desimali akachukua viti vinne, akavipanga mstari mmoja.

"Chukulia hivi ni vyumba vinne vimefuatana. Hiki cha kwanza, watu wako kitandani. Hiki, wanakaa. Hiki, wanatembea wameshikwa. Hiki, wanatembea wenyewe. Katikati kuna milango mitatu. Hii hesabu tunaiita regresheni ya lojistiki ya madaraja, na jina lisikutishe, kazi yake ni kusimama mlangoni. Kwenye kila mlango inauliza: kwa kila mmoja aliyebaki upande wa chini, wangapi wamevuka kwenda juu? Inauliza kwa wagonjwa wako, inauliza kwa wa wodini, inalinganisha. Huo ndio uwiano."

"Mpaka hapo ina akili kunishinda mimi."

"Ina akili, ndiyo. Ila inapenda kufupisha maneno. Haitaki kukupa majibu matatu, inataka kukupa moja. Na ili ikupe moja, inaamini kwamba nguvu ya chumba chako ni ileile mlango wa kwanza, wa pili na wa tatu. Ufunguo mmoja, milango mitatu."

"Na kama sivyo?"

"Kama sivyo, inachanganya. Mlango mmoja umefanya maajabu, mwingine umekwama, yenyewe inakuja kukuambia 'kawaida tu'. Kama mwalimu anayempa mtoto mia kwenye hesabu na sifuri kwenye sayansi, halafu anamwandikia baba yake kwamba mtoto ni wa wastani."

"Na baba anamchapa kwa wastani." Kamanda akavuta pumzi. "Kwa hiyo yule bwana mwenye suti hakuangalia milango?"

"Hakuangalia! Kuna kipimo kabisa cha kuuliza kama ufunguo mmoja unatosha. Unabonyeza tu. Hakubonyeza. Mtu analipiwa hoteli, anashindwa kubonyeza!"

"Basi nenda ukabonyeze wewe, mwanangu. Mimi nina mtu hapa mguu wake unakaribia kuamka, usije ukalala tena kwa kusikiliza hesabu."

*

Ofisi ya takwimu ilikuwa chumba cha kuhifadhia mashuka zamani, na mpaka leo ilinuka sabuni. Desimali alikaa, akabonyeza. Kipimo kilijibu bila kupepesa: namba moja haitoshi milango mitatu, tena mbali kabisa. Akapiga meza kwa kiganja. Akaifungua hesabu, akauacha kila mlango ujisemee wenyewe.

Mlango wa kwanza, wa kutoka kitandani: uwiano ni tatu. Desimali akasimama, akakaa. Mlango wa pili, wa kutoka kukaa kwenda kutembea: moja na nusu. Alikuwa ameshaanza kutunga sentensi za kesho, zile kali, za kumfanya Slaidi atafute glasi ya maji. Kisha macho yakafika mlango wa tatu.

Chini ya nusu.

Akasoma tena. Haikubadilika kwa kusomwa tena. Kutoka kutembea kwa kushikwa kwenda kutembea mwenyewe, wagonjwa wa Kamanda walikuwa wanavuka kwa shida kuliko wa wodini, na kwa mbali. Ndiyo maana jumla yake ilitoka bapa: mlango wa kwanza ulivuta juu, wa tatu ukavuta chini, kamba ikabaki palepale. Akipeleka hiyo kwa bodi, Slaidi ataruka na kile kitaa chake: mnaona, chumba kinawazuia watu kutembea!

Haikuingia akilini. Wanaoanza hoi wanainuka zaidi, halafu wakikaribia kupona wanakwama? Wanakwama na nini? Mtu anayeamshwa na Kamanda hakwami na kitu. Akafunga mlango wa ofisi, akarudi korido ileile. Mchana ulikuwa umetulia, wagonjwa wamerudishwa wodini kula, na Kamanda alikuwa anafuta vyuma kwa kitambaa.

"Mama mdogo, nikuulize kitu, na usinijibu kwa mzaha. Mtu unamwandika 'anatembea mwenyewe' lini?"

"Akitembea mwenyewe."

"Mama mdogo!"

"Sasa kelele za nini? Akipanda zile ngazi za mlango wa nyuma, akashuka, bila kushika ukuta na bila kuangalia miguu yake. Hapo namwandika."

Desimali alihisi damu inampanda mpaka kwenye nywele. "Ngazi? Nani alikuambia uweke ngazi?"

"Nani aliniambia niziondoe?"

"Wodini mtu akitoka kitandani mpaka chooni bila kushikwa, ameshaandikwa!"

"Wodini?" Kamanda akacheka kwa pua. "Sakafu ya wodi ile hata chupa inatembea yenyewe."

"Usicheke! Umekifunga chumba kwa mkono wako mwenyewe! Watu wanaotembea wamejaa humu, wewe umewaandika wanashikwa!"

"Anayeshikwa na ukuta anashikwa. Ukuta una mikono miwili au mmoja, mimi hainihusu."

"Kwa nini hukusema?"

"Mliuliza? Mlinigawia vijisanduku vinne vya kuweka alama, mkaondoka mnakimbia kama mmeacha maziwa jikoni. Hakuna aliyeuliza, Kamanda, wewe kutembea unakuitaje."

Hiyo ilimchoma Desimali, kwa sababu aliyekuwa anakimbia ni yeye. Lakini hasira ikishapanda haishuki kwa kuchomwa, inatafuta pa kutokea.

"Ungeandika kama wenzako, leo hii chumba kisingeguswa na mtu."

"Na mgonjwa je? Afike kwao akute kizingiti, akute mtaro mbele ya mlango, akute ngazi ya kupanda, halafu mkewe, mwenyewe anaumwa mgongo, aanze kumwinua chini? Kwa sababu mimi niliogopa Slaidi?" Kamanda akakunja kitambaa mara mbili, akakiweka juu ya chuma. "Chumba wachukue. Neno langu silipunguzi, mwanangu. Hata wewe ukininunia kama hivyo."

Desimali aliondoka amenuna. Amenuna kwa Slaidi, amenuna kwa mama yake mdogo, na kwa haki kabisa amejinunia yeye mwenyewe.

*

Asubuhi bodi ilikaa. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye miwani mikubwa, aliyewahi kuwa mkuu wa shule, na watu wazima bado walikaa wima akiwatazama. Mkurugenzi kulia kwake. Slaidi amekwishawasha mashine. Muuguzi mkuu wa wodi amekuja na kofia yake imenyooka. Kamanda amekaa kando, mikono mapajani, funguo za chumba ziko mfukoni zinalia kila akijisogeza.

Desimali hakuwa na slaidi. Alichora milango mitatu ubaoni kwa kalamu iliyokuwa inakata wino.

"Mlango wa kwanza," akasema. "Wodini, kwa kila mmoja anayebaki kitandani, watatu wanainuka. Chumbani, kwa kila mmoja anayebaki, tisa wanainuka. Tisa kwa tatu, uwiano ni tatu. Bwana huyu alikuwa nayo hii mezani kwake, akaikoroga na mengine mpaka ikayeyuka."

"Mara tatu!" Mwenyekiti akavua miwani. "Kwa hiyo chumba kinainua watu mara tatu zaidi! Sasa hiyo ndiyo habari ya kutangaza."

Ilikuwa zawadi, imefungwa na utepe. Desimali aliitazama, akaikataa kwa uchungu.

"Hapana, mama. Si watu mara tatu. Uwiano ni mara tatu. Katika watu mia, wodini wanainuka sabini na watano, chumbani tisini. Ukitaka kuona uzito wake, tazama wanaobaki kitandani: kule ishirini na watano, huku kumi. Hiyo tofauti ya kumi na tano ni watu, wana majina, wana watoto wa kuwageuza kitandani. Hiyo inatosha kabisa, haina haja ya kuongezewa chumvi."

Mwenyekiti akavaa miwani tena, polepole. "Endelea."

"Na mlango wa tatu?" Slaidi aliruka kama alivyotabiriwa. "Mbona dada anaupita haraka? Wajumbe, hata kwa hesabu yake mwenyewe, chumba kinazuia watu kutembea!"

"Sijaupita, nilikuwa naufikia. Mlango wa tatu hatujui, kwa sababu tumeupima kwa rula mbili. Wodini, kutembea mwenyewe ni kufika chooni. Chumbani, ni kupanda ngazi na kushuka. Kutoka kitandani ni kutoka kitandani kokote, pale hakuna ubishi. Lakini hapa juu, mtu yuleyule wodi ingemwita mzima, na Kamanda angemwambia rudi kesho."

Muuguzi mkuu akasimama, kofia ikatetemeka. "Wewe mtoto, unaniita muongo mbele ya bodi?"

"Hapana, Sista. Nasema rula ni mbili."

"Mgonjwa wangu nikisema anatembea, anatembea! Nimefanya kazi hii wewe hujazaliwa!"

Mkurugenzi akanyoosha mikono yote miwili, sauti ikawa asali. Aliona meza imeanza kuinama upande asioutaka, akaamua kuiinamisha mwenyewe kabla haijamwangukia. "Jamani, mbona rahisi? Kamanda atumie kipimo cha wodi. Awapandishe wale aliowabania, hesabu ipigwe upya. Chumba kikishinda, kinabaki. Mimi mwenyewe nitasaini. Kamanda, unasemaje?"

Desimali alimgeukia mama yake mdogo. Kwa macho yake alimwomba kila kitu ambacho mdomo usingeweza kuomba mbele za watu. Sema ndiyo, mama mdogo. Neno moja. Tutarekebisha baadaye.

"Sitaki," akasema Kamanda.

"Kamanda, nakupa chumba mkononi!"

"Unanipa chumba, unanichukulia mgonjwa. Atakayeanguka kwake si wewe."

"Huu ni ukaidi!"

"Ndiyo. Nalipwa mshahara kwa huo."

Muuguzi mkuu alikuwa bado amesimama, na hasira ya mtu aliyesimama ni ndefu kuliko ya aliyekaa. "Mwenyekiti, leo hii namruhusu mgonjwa mmoja aende kwake. Nimemwandika anatembea mwenyewe, kwa mkono wangu. Twendeni mkamwone kwa macho yenu, haya maneno ya rula yaishe."

*

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mzee aliyechezesha mpira ujana wake wote, na wodi nzima ilimwita Refa. Walimkuta amevaa shati la kutokea, mfuko wake umefungwa, uko miguuni pake. Alipoona bodi nzima imejipanga koridoni akanyoosha kola.

"Kumbe kuaga kwangu kuna wageni rasmi? Nifanye nini, niimbe?"

"Tembea tu, mzee wangu," akasema muuguzi mkuu.

Refa akatembea. Alitembea vizuri, kifua mbele, mguu mmoja ukichelewa kidogo tu nyuma ya mwenzake, mpaka mwisho wa korido na kurudi. Mkurugenzi akapiga makofi. Slaidi naye akapiga. Muuguzi mkuu akamtazama Desimali kutoka kichwani hadi viatuni, bila haraka.

Kamanda hakupiga makofi. Alisogea karibu na mzee.

"Refa, kwenu kuna ngazi?"

"Zipo. Nakaa juu ya duka la mwanangu."

"Unataka kuzijaribu hapa, mimi nikiwa nyuma yako? Au kule, wajukuu wakiwa mbele yako? Kukataa ruksa."

Refa akafikiri. "Hapa," akasema. "Kule sitaki watazamaji."

Ngazi zilikuwa nje ya mlango wa nyuma, za saruji, za kupandia kwenda ghorofani, za kawaida kabisa, ambazo watu wa kikao walizipanda kila siku bila kujua kwamba wanafanya kazi. Kamanda akamzungushia Refa mkanda wa kiunoni, akaushika kwa nyuma. Mkurugenzi alisimama ubavuni kwa mzee, karibu kabisa, kwa kuwa alitaka kuonekana akishuhudia. Refa akainua mguu mzima, ukapanda. Akauita ule mwingine. Ule mwingine haukuja. Ulikwaruza ukingo wa ngazi, ukarudi, ukakwaruza tena, na mzee akaanza kuelemea pembeni taratibu. Mkanda ukakaza mikononi mwa Kamanda, na mkono wa Refa ukadaka kitu cha kwanza ulichokutana nacho, ambacho kilikuwa tai ya Mkurugenzi.

Mkurugenzi hakuweza kusema kitu, hata kama angetaka.

Refa alisimama pale, mguu mmoja juu, mmoja chini, anahema. Halafu uso wake ukabadilika, si kwa woga. Kwa ghadhabu.

"Nani aliniandika natembea mwenyewe?"

"Mimi, mzee wangu," muuguzi mkuu akasema kwa sauti ndogo.

"Sista! Umenipa ushindi wa mezani! Wapinzani hawajafika uwanjani, wewe umeshanipa pointi! Nimefunga mfuko, nimempigia mwanangu simu, nimemwambia baba yako anarudi anatembea! Ningefika pale dukani, mbele ya wateja, nikaanguka kama gunia?"

"Sikufikiria ngazi," Sista akasema. Akavuta kofia yake chini, akainua kichwa, na ikumbukwe kwa heshima yake kwamba hakutafuta wa kumsingizia. "Mwenyekiti, huyu leo haendi. Na zile alama zangu za mlango wa tatu msizitumie. Zote."

Mkurugenzi aliufungua mdomo wake kabla hajaifungua tai. "Lakini huyu ni mmoja tu," akasema kwa sauti iliyokabwa. "Mgonjwa mmoja si ushahidi."

"Kweli kabisa," Desimali akadakia, na kila mtu akamgeukia. "Mmoja si ushahidi. Angepanda vizuri pia asingekuwa ushahidi. Ndiyo maana nataka wote wapimwe hapa, wa chumbani na wa wodini, kwa ngazi hizihizi. Na anayepima asijue nani ametoka wapi."

"Hata mimi nisipime?" Kamanda akauliza, bado ameshika mkanda.

"Hata wewe, mama mdogo. Hasa wewe."

"Yaani huniamini?"

"Siamini mtu yeyote anayependa matokeo. Na hao wagonjwa unawapenda, usinibishie."

Kamanda akafungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa hospitali ile kuona jambo hilo likitokea.

Mwenyekiti alipanda ngazi moja, akashuka, akatazama ukingo ule uliokwaruzwa na kiatu. "Mlango wa kwanza umekwishajieleza," akasema. "Watu kumi na tano katika mia kutoka kitandani, mimi sihitaji ushahidi zaidi ili chumba kibaki. Kinabaki. Huo wa tatu upimwe upya kama binti alivyosema. Mkurugenzi, ukumbi utafute kwingine. Na mshauri, ripoti yako uichukue, urudi nayo ikiwa na majibu matatu na maelezo ya kila moja. Asilimia mbili usije nayo tena."

Slaidi akazima kitaa chake, ambacho kwa sababu asizozijua mwenyewe alikuwa ametoka nacho mpaka nje. Akamsogelea Desimali, akanong'ona kwa ile sauti yake ya kubembeleza: "Ungeniambia mapema habari za hizi ngazi, mdogo wangu, tusingefika huku."

"Habari za ngazi mimi mwenyewe nimezijua jana," Desimali akasema, wala hakunong'ona. "Lakini namba ilikuwa inapiga kelele tangu siku ya kwanza kwamba kuna kitu mlango wa tatu. Ungeisikiliza, ungeuliza. Mguu unao, mdomo unao. Ungekuja hapa ukauliza, mnaita nini kutembea? Ulikuwa tayari kuwarudisha watu kitandani kwa sababu ya uvivu wa kubonyeza!"

"Hasira zako..."

"Ni zangu. Naenda nazo."

Pembeni yao, Kamanda alikuwa anamshusha Refa taratibu, na Refa alikuwa bado ameshika tai, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyekumbuka kumpa kitu kingine cha kushika.

"Mkurugenzi, usisogee," Kamanda akaamuru. "Ukisogea anaanguka. Haya, Refa, ule mguu wa juu urudishe chini, usiutazame, mtazame huyu baba. Huyu ndiye aliyetaka kukaa kwenye chumba tunachokwenda sasa. Mtazame vizuri. Shuka."

Refa akamtazama Mkurugenzi kwa macho ya mtu anayetafuta kadi mfukoni, akashuka. Kisha wakaingia ndani wote watatu, mzee katikati, wameelekea kule kwenye vyuma, wakienda kwa mwendo wa yule aliyekuwa taratibu kuliko wote.